Mkiwa Katikati ya Watu: Sinema ya Nairobi Half Life na Ukiwa wa Mjini

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wasemaji wengi huyatumia kama kwamba ni pacha, nayo ni upweke na ukiwa. Lakini mwenye kuyapima kwa makini huona kuwa uzito wake si mmoja. Upweke ni hali ya mtu kuwa peke yake, nayo huweza kumpata mchungaji malishoni au mvuvi baharini bila ya kumtia huzuni hata kidogo. Ukiwa ni jambo zito zaidi. Mkiwa ni mtu asiye na wake: hana jamaa wa kumwita kwa jina la nyumbani, wala wa kuuliza habari zake akichelewa kurudi. Mpweke hupona afikapo penye watu. Mkiwa huweza kuzungukwa na watu elfu, naye akabaki mkiwa vilevile. Sinema ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyotolewa mwaka 2012, ni habari ya hali hii ya pili. Imekwisha kupita miaka zaidi ya kumi tangu ionyeshwe mara ya kwanza, na sinema nyingi za wakati wake zimesahauliwa, lakini yenyewe ingali inatazamwa na kujadiliwa. Yafaa kuuliza sababu.

Watu wengi hujibu kwa kutaja ukali wake. Husema kuwa sinema hii imeonyesha Nairobi bila ya kuipaka rangi: uchochoro, wizi, mahabusu, rushwa ya askari na damu. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Sinema kali ni nyingi, na ukali huchakaa upesi kuliko kitu kingine chochote katika sanaa. Jambo lililomshtua mtazamaji jana humchosha leo. Iko sababu ya ndani zaidi, nayo imefichwa wazi katika jina lenyewe la sinema, ambalo maana yake ni nusu ya maisha.

Kwanza hadithi yenyewe. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza kanda za sinema sokoni, na kila anapomvuta mnunuzi humwigizia vituko vilivyomo ndani yake. Ana kipaji, naye anajua kuwa anacho. Waigizaji wa kutoka mjini wanapopita kijijini kwao, mmoja wao humtia tamaa kwamba akifika Nairobi atasaidiwa, na kijana hufunga safari. Siku ileile ya kufika huporwa mali yake na mizigo aliyokabidhiwa. Kabla hajajua la kufanya hukamatwa katika msako na kutiwa ndani. Humo mahabusu hukutana na Oti, kiongozi wa genge la wezi wa vipuri vya magari, na akiachiliwa ndiko anakokwenda kupata chakula na mahali pa kulala. Wakati huohuo hujaribiwa katika kundi la waigizaji, akapewa sehemu katika mchezo. Tangu hapo maisha yake hukatika vipande viwili: mchana mazoezi ya jukwaani, usiku kazi ya genge. Nusu hizi mbili huvutana mpaka mwisho, ambapo genge huteketezwa na askari walewale waliokuwa wakila pamoja nalo, naye Mwas huponea chupuchupu na kwenda jukwaani kuigiza.

Sinema hii iliongozwa na David Tosh Gitonga, Mkenya, ikiwa ni tunda la mafunzo ya watengenezaji wa sinema yaliyosimamiwa na Mjerumani Tom Tykwer kwa njia ya One Fine Day Films. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la sinema la Durban mwaka 2012, na sinema yenyewe ilikuwa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya sinema za lugha za kigeni. Hayo ni ya heshima, lakini hayaelezi mapenzi ya watazamaji. Mtu hairudii sinema mara ya tatu kwa sababu ya tuzo.

Ili kuitambua thamani yake, yapasa kukumbuka jinsi sinema zilivyoanza kusema na vijana wa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya majaribio ya kutengeneza sinema za kuwafunza Waafrika. Zilitengenezwa 35, zikazungushwa kwa lori toka nchi hata nchi, zikifundisha kilimo, afya na kuweka akiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilifuata sinema za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, na mojawapo ni Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Sinema za namna hiyo zilikuwa na mwalimu aliyesimama nyuma ya pazia. Mtazamaji aliketi kama mwanafunzi, akamcheka mjinga, akarudi nyumbani na somo lake.

Somo lenyewe halikuishia katika sinema. Serikali za nyakati mbalimbali zimemwona kijana asiye na kazi mjini kuwa ni kosa la kusahihishwa kwa kurudishwa alikotoka. Wakoloni walifanya hivyo kwa wale waliowaita wahuni. Na baada ya uhuru, mwaka 1983, Tanzania ilitunga sheria ya nguvu kazi, na misako ikafanywa Dar es Salaam ili wasio na kazi wapelekwe vijijini kulima. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga, na methali hiyo ilikuwa rahisi kugeuzwa kuwa amri ya askari.

Sasa na aitazame Nairobi Half Life mtu aliyesimama si Nairobi, bali mahali pale safari zinapoanzia. Idodi yafaa kwa kazi hiyo. Ni kijiji katika nchi ya Wahehe, Wilaya ya Iringa, kando ya njia itokayo mji wa Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wahehe huishi hapo pamoja na Wabena, Wagogo na wafugaji wa makabila mengine. Kazi kubwa ni mpunga na mahindi, na mpunga hutaka maji. Upande mmoja iko hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964; tena katika miaka ya 2000 ardhi nyingine ya vijiji ikatengwa kwa ajili ya wanyama chini ya jumuiya iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Mema ya mipango hiyo yana mahali pake pa kujadiliwa. Linalohusu hapa ni moja tu: watoto huongezeka, na shamba haliongezeki. Ndipo kijana hupanda basi la kwenda Iringa, na toka Iringa hushuka kwa barabara kuu hata Dar es Salaam. Mkoa wa Iringa umejulikana kwa miaka mingi kuwa ndio utoao wasichana wa kazi za nyumbani wa jiji hilo. Na msichana wa kazi, alalaye katika nyumba iliyojaa watu wasio wake, hahitaji kufasiriwa neno ukiwa.

Kwa mtazamaji wa mahali kama hapo, sehemu ya kwanza ya sinema, ambayo wahakiki wa mjini huipita upesi kana kwamba ni kizingiti tu, ndiyo ufunguo wa yote. Gitonga hakukichora kijiji kuwa pepo. Mwas hana njia pale, kipaji chake kinachekwa, na nyumbani hakuna anayeamini kuwa uigizaji ni kazi ya mtu. Hata hivyo kila aliye sokoni anamjua yeye ni nani na mtoto wa nani. Hata wanaomdharau wanamdharau mtu mzima, si kipande cha mtu. Katika nchi ya Wahehe salamu ya kamwene hufuatwa na maswali ya nyumbani, ya kazi na ya afya, na mwenye haraka huona ni mzigo. Thamani ya mzigo huo haijulikani mpaka mtu afike mahali ambapo hakuna amwulizaye kitu.

Wahenga wamesema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Methali hii mara nyingi hufahamiwa kuwa ni ya kumfukuza mvivu, lakini ina upande wa pili: kumpa mgeni jembe ni kumwondoa katika ugeni, kumwingiza katika hesabu ya watu wa nyumba. Nairobi haimpi Mwas jembe. Siku ya kwanza inampora, kisha inamtia ndani na kumlazimisha asafishe choo cha mahabusu kilichofurika uchafu. Tukio hilo la choo ni miongoni mwa yaliyo bora katika sinema nzima. Mwas analianza kwa kinyaa, lakini analimaliza kwa madaha, akiigiza mbele ya wafungwa kama kwamba ameshinda vita. Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kuwa kuigiza kwa kijana huyu ni njia ya kubaki mtu. Oti naye anaona, akavutwa naye. Lililo chungu ni kwamba wa kwanza kumpa mgeni jembe lake la siku ya tatu ni mwizi, na jembe lenyewe ni chuma cha kung'olea vioo na taa za magari ya watu.

Ndipo zinapoanza zile nusu mbili. Genge linamjua Mwas aliye hodari wa kubuni hila. Halijui, wala halijali, anachokitafuta jukwaani. Waigizaji wanamjua Mwas mwenye kipaji kibichi. Hawajui chakula chake kinatoka wapi. Amina, mwanamke wa Oti auzaye mwili wake, anakaribia kumjua kuliko wengine wote, lakini hata yeye anampata kwa kuibia. Wazazi wanamjua yule aliyeondoka. Hakuna hata mmoja, katika jiji lote na kijiji chote, anayemjua Mwas mzima. Huu ndio ukiwa ambao sinema hii imeuchora kuliko maandishi mengi: mtu ana wenzake kila upande, lakini amegawanywa baina yao, na hakuna mwenye fungu lote.

Lugha ya sinema inashuhudia jambo hilohilo, na ni ajabu kuwa limesemwa kidogo. Nyumbani Mwas husema Kikuyu, katika genge ni Kiswahili cha mtaani na Sheng, na jukwaani ni Kiingereza. Kila lugha ina mlango wake, na kila mlango humruhusu aingie na sehemu ya nafsi yake tu. Lile linalosemeka kwa mama halisemeki kwa Oti, na la Oti halisemeki kwa mwongozaji wa mchezo. Kijana wa Idodi anajua jambo hili bila ya kufundishwa. Kihehe chake hukiacha stendi ya mabasi, naye huanza kujifunza Kiswahili cha Dar es Salaam, chenye mzaha na haraka yake, akichekwa lafudhi kabla ya kusikilizwa maneno.

Hali hii si ya Afrika peke yake, wala Gitonga si wa kwanza kuisimulia. Katika riwaya ya Kill Me Quick ya mwaka 1973, Meja Mwangi aliwaandika vijana wawili wenye vyeti vya shule waliozurura katika vichochoro vya Nairobi mpaka jela ikawa kama makazi yao. Na huko Marekani, mwaka 1976, Martin Scorsese alitoa Taxi Driver, iliyotungwa na Paul Schrader, ambayo mpaka leo ndiyo hutajwa kwanza kila linapotajwa jambo la ukiwa wa jijini. Travis Bickle, dereva wa teksi asiyepata usingizi, huzunguka New York usiku kucha akiwa na abiria nyuma yake, naye hana mtu. Mahali pamoja katika sinema ile huwaandikia wazazi wake kadi, akiwaambia kuwa anafanya kazi ya siri ya serikali na kwamba ana mchumba. Yote ni uongo. Mtoto yeyote wa Idodi aliyewahi kutuma nyumbani habari kuwa kazi ni nzuri, huku amelala sakafuni kwa mwenziwe, ataitambua kadi ile kuliko mtazamaji wa New York.

Kulinganisha sinema hizi mbili kunafunua jambo. Mwishoni mwa Taxi Driver magazeti humsifu Travis kuwa shujaa, na wazazi wa binti aliyemwokoa humwandikia barua ya shukrani. Hawajui kuwa mtu huyohuyo alikwenda na bastola kumwua mwanasiasa mbele ya umati. Mji umeisoma nusu ya habari ukaridhika. Mwas pia hupigiwa makofi na watu walioiona nusu yake tu. Katika sinema zote mbili mwenye kujua yote ni mmoja, naye ni mtazamaji. Tofauti ni hii: Travis humkimbiza mtazamaji kadiri sinema inavyoendelea, hata mtu akaogopa kukaa naye garini, Mwas humvuta karibu. Travis ameupoteza uwezo wa kupendwa, na Mwas anao tele, ila hana mahali pa kuuweka wote.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kudumu kwa Nairobi Half Life. Sinema imempa mtazamaji kazi ambayo hakuna mhusika aliyepewa, nayo ni kumjua mtu mzima. Kwa muda wa saa moja na nusu na zaidi, aliyeketi bandani kwenye ukumbi wa video au mbele ya simu yake ndiye jamaa pekee wa kijana huyu. Mwanafunzi wa zile sinema za zamani aliambiwa acheke na ahukumu. Mtazamaji wa sinema hii amepewa ujamaa. Na ujamaa, ukisha kupewa mtu, si rahisi kuurudisha.

Wako wanaoilaumu kuwa inawafunza vijana wizi, na kwamba genge limepambwa kwa mzaha na udugu mpaka likatamanika. Lawama hii isidharauliwe, kwa maana vituko vya genge vina utamu wake. Lakini utamu huo ni sehemu ya ukweli. Kama genge lingekuwa chungu tangu mwanzo, hapangekuwa na wa kuingia. Sinema inakiri kwamba udugu wa wezi ni udugu, kisha inaonyesha bei yake, na bei hiyo hulipwa yote bila ya kupunguziwa. Kasoro ya kweli iko kwingine. Amina ni mkiwa kuliko Mwas, kwa kuwa hana hata jukwaa. Lakini sinema imemtazama kwa macho ya wanaume wawili wanaompenda, wala haikumpa saa yake mwenyewe. Alikotoka hakujulikani, na aendako hakujulikani. Wale wasichana wa Iringa waliokwenda kufua na kupika katika nyumba za watu wangali wanaingoja sinema yao.

Kasoro hiyo haiivunji kazi. Mwisho wake, hasa, umesimama imara. Mtungaji wa zamani angemrudisha Mwas kijijini na jembe begani. Mtungaji wa siku hizi angemfanya nyota. Gitonga hakufanya hili wala lile. Kijana anatoka kwenye maiti za rafiki zake, anaingia jukwaani, anasema maneno ya mchezo uliotungwa na wengine, na watu walioketi gizani hawajui kuwa kila neno lina damu ndani yake. Anawatazama. Wao wanaona uigizaji mzuri. Yule aliye nje ya sinema ndiye ajuaye anachokitazama, naye hawezi kusimama akawaambia. Mtu ni watu, husema Waswahili. Basi aliyepoteza watu wote waliomjua amebaki na nini? Amebaki na macho ya mtu mmoja asiyemfahamu, aliyekaa mbali, labda katika kijiji kama Idodi, ambaye kesho asubuhi atamsindikiza mdogo wake kwenye basi la Iringa, na safari hii hatamwambia kuwa mji ni muhogo mchungu, bali atamwuliza atakapofika atalala kwa nani.